TIBA YA UKIMWI KUTOKA MAABARA: USIIACHE YAKINI KWA AJILI YA SHAKA

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na wote wanaomfuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kila baada ya miezi kadhaa huzunguka kwenye magrupu yetu klipu inayosema: "Tiba ya UKIMWI imepatikana! Wazungu wameunda seli zinazokula virusi." Na kila inapozunguka, hunijia maswali ya aina mbili.

Wa kwanza huuliza: "Sheikh, kuchukua seli ya mwanadamu na kuibadilisha, si kubadilisha maumbile ya Allah huko?"

Wa pili huuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, natumia dawa miaka sasa, nimechoka. Kama tiba imepatikana, si naweza kupumzika kidogo?"

Swali la kwanza ni zuri na nitalijibu. Lakini la pili ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu anayeuliza ana kopo la vidonge kabatini, na jibu baya linaweza kumpeleka kaburini. Kwa hiyo leo naandika kwa urefu. Soma mpaka mwisho, kisha mfikishie anayehitaji.

Kauli yangu kwa ufupi ni hii: elimu hii ya kuunda seli za kinga ni ya kweli, ni halali kwa masharti yake, na ni neema tunayopaswa kuiombea dua. Lakini bado ni shaka. Kidonge ulichonacho mkononi ni yakini. Na sharia yetu imetufundisha kwamba yakini haiondolewi kwa shaka.

KWANZA: WANAFANYA NINI HUKO MAABARA?

Mimi si daktari, lakini jambo hili linaeleweka ukilifuata taratibu.

Allah ameuwekea mwili wako askari. Ni chembechembe nyeupe za damu. Miongoni mwao wapo makamanda, wanaoitwa seli za CD4. Hao ndio wanaotoa amri: hapa kuna adui, hapa pelekeni silaha. Ubaya wa virusi vya UKIMWI ni kwamba haviwashambulii askari wa kawaida. Vinamwendea kamanda mwenyewe. Kamanda akifa, jeshi linabaki bila amri, na hapo kifua kikuu, homa ya mapafu na maradhi mengine huingia kama mwizi kwenye nyumba isiyo na mlinzi.

Kirusi hakiingii ndani ya seli hivi hivi. Hushika kwanza kitasa kiitwacho CD4, kisha kinahitaji mlango wa pili, ambao mara nyingi ni ule unaoitwa CCR5. Kikishaingia, kinajiandika ndani ya jeni za ile seli, kama mtu aliyeghushi hati ya kiwanja na kuiingiza kwenye kabrasha halali. Baadhi ya seli hizo hulala usingizi. Hazizalishi virusi, hazionekani, zinakaa miaka na miaka.

Sikiliza vizuri hapa. Dawa za kufubaza virusi, ARV, zinavizuia virusi visizaliane. Hazizigusi zile seli zilizolala. Ndiyo maana mtu akiacha dawa, mara nyingi ndani ya wiki chache tu virusi vinaamka na kujaa tena. Hakupona. Adui alikuwa amefungiwa ndani, na yeye ndiye aliyemfungulia.

Wanasayansi wakajiuliza: tufanye nini ili askari wenyewe wapambane? Wakaenda kwa njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni kuuondoa mlango. Wanachukua seli za kinga za mgonjwa, wanatumia mkasi wa jeni kuuharibu ule mlango wa CCR5, kisha wanamrudishia seli zake. Kirusi kikija, hakioni pa kuingilia.

Njia ya pili ni kuwapa askari macho mapya. Wanatoa damu yako, wanatenga seli T, wanaziingizia jeni inayoziwezesha kumtambua adui na kumuua, wanazizidisha maabara, kisha wanakurudishia kwa dripu. Hizi ndizo zinazoitwa CAR-T. Na hapa kuna jambo la kutafakari: chombo kinachotumika kuiingiza jeni hiyo mara nyingi ni kirusi kilichong'olewa meno, cha jamii ileile ya virusi vya UKIMWI. Mnyama aliyekuwa akiua ameondolewa sumu na kufanywa punda wa kubeba dawa. Subhanallah!

Kwa saratani ya damu njia hii imeleta matunda makubwa. Mwaka 2012 msichana wa Marekani mwenye miaka 6, Emily Whitehead, alitibiwa kwa seli hizi huko Philadelphia baada ya dawa nyingine kushindwa, na akapona. Mwaka 2017 Marekani ikaidhinisha tiba hiyo rasmi.

PILI: JE, WAPO WALIOPONA UKIMWI?

Ndiyo, wapo. Tusikatae ukweli. Lakini tusiukate nusu.

Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alikuwa na virusi vya UKIMWI, kisha mwaka 2006 akagundulika pia na saratani ya damu. Ilibidi apandikizwe uboho wa mtu mwingine. Daktari wake, Gero Hütter, akapata fikra: kwa nini tusimtafute mchangiaji ambaye Allah amemuumba bila ule mlango wa CCR5? Wakapima watu zaidi ya 60 mpaka wakampata. Timothy akapandikizwa mara mbili, 2007 na 2008. Aliteseka sana katika matibabu hayo, lakini virusi havikurudi mpaka alipofariki mwaka 2020. Na alifariki kwa saratani iliyorudi, si kwa UKIMWI.

Baada yake akatangazwa Adam Castillejo wa London mwaka 2019, na Marc Franke wa Düsseldorf mwaka 2023, na wengine wachache. Wanahesabika kwa vidole. Wakati huohuo dunia ina takribani watu milioni 40 wanaoishi na virusi hivi.

Na wote hao waliopandikizwa uboho walikuwa na saratani ya damu au ya mitoki. Hawakupandikizwa kwa ajili ya UKIMWI. Upandikizaji wenyewe unaua baadhi ya wanaoufanyiwa, kwa sababu kwanza mgonjwa huvunjwa kinga yake yote kwa dawa kali. Hakuna daktari mwaminifu atakayemfanyia hivyo mtu anayeishi salama kwa kidonge kimoja kwa siku.

Kuna jambo la pili. Watu waliozaliwa bila mlango ule ni takribani mmoja kati ya 100 kwa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Kwetu sisi Waafrika wa kusini mwa Sahara, karibu hawapo kabisa. Mgonjwa wa Tandika au wa Likoni atampata wapi mchangiaji wa namna hiyo? Ndiyo maana wanasayansi wanahangaika kubadilisha seli za mgonjwa mwenyewe badala ya kutafuta za mtu mwingine. Kazi hiyo, ikifaulu, faida yake kubwa itakuwa kwetu.

TATU: WALIOFURAHI MAPEMA

Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitangaza matokeo ya watu 12 waliorudishiwa seli zao zikiwa zimeondolewa mlango. Sita kati yao walisimamishiwa ARV kwa muda, chini ya uangalizi mkali. Virusi vilirudi. Hata hivyo seli zilizobadilishwa zilikufa polepole kuliko zile ambazo hazikubadilishwa. Ni hatua, lakini si kupona.

Seli zenye macho mapya nazo zilianza kujaribiwa kwa wenye virusi vya UKIMWI tangu miaka ya 1990, hata kabla ya mafanikio ya saratani. Zikaishi katika miili ya watu zaidi ya miaka 10 bila kuwadhuru. Lakini hazikuvimaliza virusi. Kwa nini? Kwa sababu seli ya saratani hutembea na bendera yake, ila seli iliyolala na kirusi ndani yake haipandishi bendera yoyote. Askari anapita pembeni yake na kumpa salamu. Tena askari mwenyewe anaweza kuambukizwa, maana yeye ndiye chakula cha adui. Tangu 2022 Chuo Kikuu cha California, San Francisco na Davis, wanajaribu seli mpya zilizoundwa ili zimuue adui na zisiambukizwe. Tunaomba Allah awafungulie.

Sasa chukua mazingatio kutoka kwa hawa wawili. Huko Boston wanaume wawili walipandikizwa uboho, virusi vikawa havionekani kwa kipimo chochote. Wakaacha dawa. Mmoja virusi vikarudi baada ya wiki 12, mwingine baada ya wiki 32. Na mtoto mmoja wa Mississippi, aliyeanzishiwa dawa mara tu baada ya kuzaliwa, mwaka 2013 dunia nzima ilitangaziwa kwamba amepona. Alikaa zaidi ya miaka miwili bila dawa wala virusi kuonekana. Julai 2014 vikarudi.

Hao walikuwa na mabingwa wa dunia pembeni yao, wakipimwa mara kwa mara, na vilipoamka wakarudishwa kwenye dawa haraka. Wewe unayetaka kuacha kwa sababu ya klipu ya dakika mbili, nani anakupima? Nani atakuambia vimeamka? Utaambiwa na kikohozi, na wakati huo umeshachelewa.

NNE: JE, NI KUBADILISHA MAUMBILE YA ALLAH?

Nimwendee sasa muulizaji wa kwanza. Anaegemea Suratun-Nisaa, aya ya 119, pale shetani anapoapa kuwa atawaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah. Hofu yake ni ya mtu mwenye imani, tusimkebehi.

Lakini angalia Mtume (s.a.w.) alifanya nini. Swahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua vitani zama za ujahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikaoza na kutoa harufu. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza avae ya dhahabu, pamoja na kwamba dhahabu ni haramu kwa mwanamume. Wanazuoni wakachukua hapo msingi mkubwa: kurudisha kilichoharibika ni tiba, si kubadilisha maumbile. Kilicholaaniwa ni kuchezea umbo zima lililo salama kwa matamanio au ushirikina.

Seli iliyoshambuliwa na kirusi haiko katika maumbile yake ya asili. Kirusi ndicho kilichoibadilisha, kikajiandika ndani yake bila ruhusa. Anayeisaidia seli ijilinde anarudisha amana mahali pake.

Jopo la Fiqhi la Rabita, Makka, lilikaa mwaka 1998 katika kikao chake cha 15 na kujuzisha kutumia elimu ya jeni kukinga na kutibu maradhi, kwa sharti kuwa isilete madhara makubwa zaidi ya inayoyaondoa. Likakataza kuitumia kwa uovu au kuchezea shakhsia ya mwanadamu.

Mpaka huo una maana. Mwaka 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba amebadilisha mlango wa CCR5 katika viinitete, wakazaliwa mapacha wa kike. Watoto wale hawakuwa wagonjwa. Hawakuulizwa. Na mabadiliko hayo yanaweza kurithiwa na watoto wao na wajukuu wao, bila yeyote kujua mwisho wake. Wanasayansi wenzake walimlaani, na mahakama ya nchi yake ikamfunga miaka 3. Hapo ndipo tunaposema: huku si kutibu, huku ni kuchezea. Ama mtu mzima, mgonjwa, aliyeelezwa hatari zote akaridhia, seli za damu yake zikabadilishwa na mabadiliko yakaishia kwake asiyarithishe kizazi, huyo ameingia katika amri ya kujitibu.

Na kujitibu ni amri kweli. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, akawaelekeza wajitibu, akawafahamisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa, isipokuwa uzee. Katika mapokezi mengine imekuja kwamba wapo wanaoijua dawa hiyo na wapo wasioijua. Ndugu yangu, maneno haya yanaifungua milango ya maabara. Anayetafuta anatafuta kitu kilichopo. Usimwambie Muislamu kwamba ugonjwa huu "hauna dawa". Mwambie dawa yake ya kuumaliza bado haijajulikana, na inatafutwa.

TANO: YAKINI HAIONDOLEWI KWA SHAKA

Wanafunzi wa fiqhi wanaijua kanuni hii. Umetawadha, una yakini na udhu wako, kisha ukashuku kama umetengukwa. Hukumu ni nini? Udhu wako upo. Huvunji jambo la yakini kwa sababu ya jambo la kushuku.

Kama sharia inakulindia udhu wako kwa kanuni hiyo, haikulindii uhai wako?

ARV ni yakini. Tumeiona kwa macho. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya 1990, jinsi tulivyokuwa tukizika. Nyumba moja jeneza likitoka, baada ya miezi linatoka jingine, yatima wanagawanywa kwa mashangazi na wajomba. Leo mtu aliyegundulika akiwa kijana analea wajukuu. Na kubwa zaidi: anayetumia dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, havimpiti kwenda kwa mwenza wake kwa tendo la ndoa. Hilo limethibitishwa na tafiti zilizofuatilia mamia ya wanandoa na wenza kwa miaka. Mama anayetumia dawa vizuri anazaa mtoto salama.

Kwa hiyo anayeacha dawa haujeruhi mwili wake peke yake. Anaufungua mlango kwa mke wake, kwa mume wake, kwa mtoto aliye tumboni. Allah ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu, na Mtume (s.a.w.) ameondoa kudhuru na kudhuriana.

Wapo watakaosema: "Mimi namtegemea Allah." Tunamtegemea sote. Lakini bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake huru na kutawakali, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza amfunge kwanza. Kidonge chako ndiyo kamba ya ngamia. Na Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni, aligeuza msafara. Alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Allah, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Maradhi ni kadari. Dawa nayo ni kadari.

Na hapa nizungumze na wenzangu, masheikh na watabibu wa kisomo. Tunayajua yanayofanyika. Mgonjwa anakuja, anasomewa ruqya, anapewa habbat sawda na asali, kisha anaambiwa: "Zile dawa za hospitali acha, zinaharibu kisomo." Muogope Allah! Ruqya ni haki, asali ni shifaa, habbat sawda ni katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Lakini ni wapi aliposema tuache dawa nyingine? Yeye huyohuyo ametufundisha kwamba anayetibu hali hajulikani kwa utabibu, akidhuru, yeye ni mdhamini. Maana yake utalipa. Ukimwachisha mtu ARV akafa, usitegemee kwamba nia yako njema itakuombea. Tuliona mwaka 2011 maelfu ya watu walivyomiminika Loliondo kwa kikombe, Waislamu wakiwemo, na wapo waliotupa dawa zao njiani. Tusiwe sisi Loliondo nyingine yenye kilemba.

SITA: MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, kama unatumia dawa, endelea. Ukichoka, na kuchoka ni haki ya mwanadamu, nenda kliniki uwaambie umechoka. Kama dawa inakusumbua, watakubadilishia. Usijibadilishie mwenyewe.

Pili, Ramadhani isikuchanganye. Walio wengi leo wanatumia kidonge kimoja kwa siku. Muulize mhudumu wako mapema, kabla ya mwezi kuandama, kama unaweza kukimeza wakati wa futari au daku. Na kama hali yako haikuruhusu kufunga, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'an yenyewe. Usiikatae zawadi ya Mola wako.

Tatu, anayetaka kuoa au kuolewa apime na aseme ukweli. Kumficha mchumba ni ghushi, na anayetughushi si katika sisi. Lakini ewe uliyeambiwa siri hiyo, iwe umekubali ndoa au umekataa, ni amana. Ukiitoa nje umekula nyama ya ndugu yako.

Nne, acheni kuuliza "aliupataje?" Wapo waliozaliwa nao. Wapo wake watulivu walioletewa ndani ya nyumba zao. Na hata aliyeupata kwa kosa, mlango wa tawba haujafungwa, na wewe hukupewa ufunguo wake. Nabii Ayyub (a.s.) aliugua miaka, na hakuna aliye karibu na Allah kuliko Manabii. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022/2023 umeonyesha asilimia 4.4 ya watu wazima wanaishi na virusi, watu takribani milioni 1.5. Wamo kwenye safu zako za swala. Unapotoa mawaidha ya kuwakejeli, yupo aliyekaa mbele yako anayeamua moyoni kwamba kesho hataenda kuchukua dawa, asije akaonekana. Mzigo huo utaubeba wewe.

SABA: NA SISI UMMA TUKO WAPI?

Nimalizie na hili, maana linaniuma.

Tiba ile ya seli kwa saratani, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2017, iliwekewa bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Hebu fikiri: tiba ya UKIMWI ikipatikana kwa bei hiyo, ni nani wa kwetu atakayeigusa?

Lakini tulishawahi kuliona hili. ARV zilipoanza zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Watu wakawa wanakufa huku dawa ipo. Mwaka 2001 kampuni ya dawa ya India, Cipla, chini ya Yusuf Hamied, ikatangaza kutoa mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku. Bei ikaporomoka. Tangu 2004 Tanzania ikaanza kutoa dawa bure. Yusuf Hamied alijua kemia.

Kuna ibada ndani ya kemia, ndugu zangu. Maimamu wetu wameiweka elimu ya tiba katika faradhi za kutoshelezana: wasipopatikana wa kutosha, umma mzima unapata dhambi. Nuruddin Zengi alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, Sultani Qalawun akajenga Cairo mwaka 1284, zikiendeshwa kwa waqfu, wagonjwa wakitibiwa bila malipo. Sisi leo tunachangisha marumaru za msikiti, na ni jambo jema. Lakini ni msikiti gani una mfuko wa kumsomesha binti mmoja biolojia ya seli mpaka shahada ya uzamivu? Ni jumuiya gani ina fungu la nauli kwa mgonjwa wa kijijini anayeshindwa kufika kliniki? Mwaka 2025 tumeona Marekani ilivyokata misaada ghafla na huduma za UKIMWI Afrika zikatikisika. Mwenye kutegemea mkono wa mwenzake hulala siku mkono huo unapofungwa.

Wenzetu nao wameanza. Mwaka 2019 taasisi ya afya ya serikali ya Marekani na Wakfu wa Gates waliahidi dola milioni 200 kutafuta tiba za jeni za selimundu na UKIMWI zitakazowezekana kwa bei ya Afrika. Tiba hiyo itakapofika kwetu, je, tutakuwa na wataalamu wa kuisimamia, au tutakuwa bado tunabishana kwenye magrupu kama ni halali?

Mzazi unayesoma hapa, mwanao akipenda sayansi usimwambie amepotea. Mnunulie vitabu. Mwamshe swala ya alfajiri, kisha mwache asome. Huenda Allah ameiweka dawa ile katika akili yake.

Na wewe mwenye kopo kabatini, ambaye kwa ajili yako nimeandika yote haya: ufurahie utafiti, uombee dua, na siku daktari wako atakapokuambia kwa kinywa chake kwamba tiba imefika na inakufaa, nenda na Bismillah. Mpaka siku hiyo, meza kidonge cha usiku wa leo. Kimeze kwa nia ya kulinda amana ya Allah, na utapata ujira kwa kila kimoja. Anayeihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote, na nafsi hiyo inaweza kuwa yako mwenyewe.

Ewe Allah, Mponyaji, waponye wagonjwa wetu shifaa isiyoacha maradhi. Waongoze wanaotafuta dawa, Waislamu na wasio Waislamu, waifikie. Wasitiri waja wako wanaougua kimya kimya. Tuondolee ndimi za kukejeli, na utupe umma wenye elimu yenye manufaa. Aamin, aamin, yaa Rabbal-aalamin.

Ikiwa nimepatia ni kwa tawfiki ya Allah. Wallahu a'lam.

Mfikishie mwenzako ujumbe huu kwa wema, bila kumuuliza hali yake.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.